Mwenye Faili

Mpigachapa alifika ofisini asubuhi, akapangusa vumbi kwenye kompyuta, akafungua faili la ukaguzi wa majengo ya hospitali. Faili lilisema kuta za wodi ya wanawake ni imara. Mkaguzi, kwa upande wake, alikuwa amemwachia maelezo mapya ya kuingiza humo: ukuta wa upande wa vichwani umepasuka kiasi cha kupitisha mkono, wagonjwa waondolewe leo. Kwenye kitanda cha karibu na dirisha, chini ya ukuta huo, alilala mama yake, aliyepasuliwa nyonga na asiyeweza hata kugeuka bila kusaidiwa.

Alifuta sentensi ya zamani, akaandika mpya, akabonyeza pa kuhifadhi. Kompyuta ikamjibu kwamba hana ruhusa, awasiliane na mwenye faili. Akahifadhi kwa jina jingine. Ikakubali, ila alipofungua alikuta kuta ni imara vilevile. Akajaribu kuchapisha, printa ikatema karatasi ya moto isiyo na neno hata moja. Hospitali haikuwa na desturi ya kuhamisha mgonjwa kwa maneno ya mdomoni. Ilisoma faili lile tu, basi.

Fundi wa kompyuta alikuja na kikombe chake cha chai, akainama, akatazama kioo.

"Mwenye faili ni Nukta," alisema.

"Nukta si alishafariki?"

"Kufariki amefariki. Kwenye mfumo yupo."

Nukta ndiye karani aliyekalia kiti kile kabla yake. Walimwita hivyo kwa sababu kila alipomaliza sentensi aliigonga nukta mpaka meza ikatikisika. Alipokufa, ilitakiwa mtu aidhinishe aondolewe kwenye mfumo, na kila aliyeombwa aliona haya kuwa yeye ndiye wa kumfuta mwenzake. Wakamwacha. Mkurugenzi angeweza kulihamisha faili, lakini alipopigiwa simu alisema, kwa upole kabisa, kwamba hawezi kumnyang'anya marehemu mali yake.

"Mwombe mwenyewe," fundi alisema. "Bonyeza hapa. Huwa hachelewi."

Nukta aliingia baada ya chakula cha mchana. Sweta lake la kijivu lilikuwa na udongo mabegani, akaukung'utia nje asichafue sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Shikamoo, baba," mpigachapa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kiti bado kinalia?"

"Kinalia."

Alikaa, kiti kikalia, akasoma maelezo ya mkaguzi huku midomo ikimcheza.

"Ufa huu naujua. Enzi zangu ulikuwa wa kupitisha kidole."

"Na ukaandika kuta ni imara."

"Niliandika nilichoambiwa. Mkurugenzi alisimama hapohapo uliposimama wewe."

"Mama yangu amelala pale, baba. Bonyeza tu."

Nukta alipeleka kidole mpaka kwenye kitufe, akakirudisha mfukoni.

"Mke wangu na watoto bado wanakaa nyumba ya ofisi. Nikibonyeza, kesho vyombo vyao viko nje."

"Lakini wewe umeshakufa. Watakufanya nini?"

"Mimi? Hawana la kunifanya. Ndiyo maana wanawaangalia wale."

Mpigachapa alimwona akitupia jicho mlangoni, kama mtu anayeogopa kukutwa, na hapo akaogopa kuliko alivyoogopa tangu asubuhi. Siku zote alikuwa amejipa moyo kwamba woga, hata uwe mkubwa vipi, kuna mahali unaishia. Alichukua mkoba wake akatoka mbio bila kuaga.

Wodini alimwendea muuguzi wa zamu ili amwambie kwamba ukuta umepasuka. Alifungua mdomo, sauti haikutoka. Muuguzi alimsubiri kwa adabu.

"Unataka maji, dada?"

Akamwonyesha ufa kwa kidole. Muuguzi aliutazama ufa, kisha akaitazama kompyuta ya mezani.

"Hapa imeandikwa kuta ni imara," alisema, naye akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mpigachapa alishika kitanda cha mama yake akakivuta. Magurudumu hayakuzunguka. Wagonjwa wengine walimtazama akivuta, wakageukia upande wa pili walioweza kugeuka.

"Mbona unatetemeka, mwanangu?" mama aliuliza.

"Baridi, mama." Maneno hayo yalitoka bila shida.

Alijipenyeza kati ya kitanda na ukuta, akauegemeza mgongo, akakaza miguu sakafuni. Ukuta ulikuwa wa baridi, na ndani yake kulikuwa na kitu kikisogea polepole, kikitulia, kikisogea tena. Muda si muda Nukta akafika. Aliwapa pole wagonjwa kitanda kwa kitanda, akaomba radhi kwa udongo, akajipenyeza pembeni yake na kuegemeza mgongo wake pia. Hawakutazamana. Chokaa iliwadondokea vichwani, na kila ilipodondoka walikaza zaidi, mpaka visigino vikaanza kuteleza.

Muuguzi alikuja akapangusa shuka la mama, akalinyoosha vizuri. Kisha akawaambia, kwa sauti ya chini asiwaamshe waliolala, kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha, watoke wote wawili.