Lipu ya Jubilei

Ukuta ulipogongwa ulijibu kwa sauti ya debe tupu, na fundi akajua kazi imeharibika kabla hajaianza. Akagonga tena kwa kifundo cha kidole, juu kidogo. Debe. Akasogea hadi chini ya dirisha la vioo vya rangi. Debe. Akabandua kipande cha lipu kwa patasi, na nyuma yake jiwe lililochongwa miaka mia iliyopita likammwagikia mkononi kama unga.

"Mnaona?" aliwaambia wajumbe wa kamati ya jubilei, waliokaa kwenye mabenchi ya mbele. "Hii ni saruji. Jiwe la kanisa hili linanyonya mvua, kisha linaitoa taratibu. Waliojenga walilipaka chokaa ili maji yapate pa kutokea. Saruji imeyafungia ndani. Ukuta unaoza."

"Binti yangu," alisema mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mpaka leo alimsemesha kila mtu kama mwanafunzi aliyechelewa, "sisi tumekuita upake rangi."

"Rangi ya mafuta! Hiyo si ndiyo itaumaliza kabisa?"

"Jubilei ni wiki tano zijazo."

Wiki tano! Kanisa kuu lile lilijengwa kwa miaka kumi na mmoja. Watu walibeba mawe kichwani, wakapandisha matao yakakutana kule juu bila chuma hata kimoja, na walipogundua kwamba ardhi ya upande wa kushoto ni laini, wakauacha mnara wa pili usijengwe, wala hawakuona haya kubaki na mmoja. Wale walijua kungoja. Waliowafuata walijua jubilei tu. Kwenye jubilei ya miaka hamsini, kamati iliziba matundu ya hewa chini ya madirisha, eti mbayuwayu wanachafua mabenchi. Kwenye ile ya sabini na tano ikaagiza lipu ya saruji ili ukuta upendeze kwenye picha. Sasa ni ya mia, na hawa nao wamekuja na makopo yao ya rangi. Kila walipotaka kulisherehekea kanisa, waliliachia ugonjwa mpya.

"Halafu," mwenyekiti aliongeza, "lipu unayoitukana aliipiga baba yako. Siku hiyo hiyo tunampa hati ya heshima, mbele ya askofu. Au wewe umeshamzidi?"

Hapo ndipo walipomshika pabaya. Baba yake waliyemwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, kwa kuwa aliwahi kubomoa ukuta mzima uliopinda kwa unene wa ukucha, ndiye aliyemfundisha kushika mwiko. Tangu mguu wake mmoja ulipokufa ganzi alishinda nyumbani, na kila jioni aliuliza swali lile lile: "Ukuta wangu unasemaje, mama?" Na jioni hiyo binti yake alimjibu, "Mzima, Baba," kisha akaenda jikoni kugonganisha sufuria kwa hasira.

Kesho yake mwenyekiti alimleta mzee mwenyewe kanisani ili amtulize mwanawe. Timazi aliingia na fimbo, viatu vimeng'arishwa. Aligonga ukuta mara moja, akauondoa mkono haraka. Kisha akakokota mguu hadi kwenye kiti cha maungamo, akapenyeza mkono nyuma ya kiti hicho, akautuliza huko.

Fundi akamfuata, akapenyeza wake. Vidole vyake vikapapasa lipu ya namna nyingine, yenye chembechembe, kavu kabisa, upana wa kiganja kutoka sakafuni hadi usawa wa bega. Akagonga. Jiwe likajibu kama jiwe.

"Hii chokaa," alisema. "Baba, hapa ulipaka chokaa. Kumbe ulijua."

"Niliwaambia. Chokaa ilitaka miezi minane, wao walikuwa na wiki sita."

"Uliwaambia mara ngapi?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Mara moja."

Mara moja! Ukuta uliopinda ukucha aliubomoa, huu akauacha uoze miaka ishirini na mitano huku akivikwa vilemba vya ukoka kila sikukuu. Fundi alitamani kulia na kutukana kwa pamoja, na kwa kuwa yumo kanisani hakufanya lolote kati ya hayo.

"Mzee Timazi," mwenyekiti aliita kutoka kwenye mabenchi, "mwambie mwanao basi tumalize."

"Pakeni rangi," mzee alisema, bila kumtazama mtu.

"Umesikia?" mwenyekiti akasimama, akajikung'uta suruali. "Fundi mkuu amesema."

Fundi alikwenda kwenye mfuko wake wa kazi, akarudi na nyundo. Baba yake alikuwa ameuegemea ukuta, mgongo wote juu ya lipu yake ya saruji.

"Baba, sogea."

Hakusogea.

"Baba. Nakuomba."

Mzee alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akaitanguliza fimbo, akauvuta mguu, akapiga hatua moja pembeni.

Nyundo ikatua. Bamba la saruji lenye upana wa mlango likaachana na ukuta, likavunjikia sakafuni, na unga wa mawe ukafunika vile viatu vilivyong'arishwa. Mwenyekiti alikuwa anapiga kelele za hati, za askofu, za polisi. Timazi hakumsikiliza. Aliutazama ukuta uliobaki wazi, umelowa na kumomonyoka, akausogelea na kuugusa.

Fundi aliinua nyundo tena. Mzee akamshika mkono.

"Anzia juu," alisema. "Ukianzia chini, itakuangukia."