Mlango wa Ghorofani

Enid Garrod alikuwa ameapa kwamba mama yake hatapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Kwa hiyo kila alasiri, bibi huyo alipoanza kukwaruza ukuta wa chumba chake cha juu akisema anakwenda kwa dada yake Letty, chumba cha pili, Enid alimrudisha kitini, akamfunika shali na kumpa chai. Chumba cha pili hakikuwapo. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na hewa tupu, na chini yake bustani ya kabichi. Naye Letty alikufa kwa kifaduro akiwa bado mtoto.

Kucha za bibi zilipoanza kubomoa udongo, Enid alimwita fundi Pask, mtu wa maneno mengi aliyezikarabati nusu ya nyumba kuukuu za mbao za mwaloni katika jimbo la Suffolk. Pask aliubandua udongo, mara akasimamisha kazi. Akamwonyesha Enid nguzo mbili za mlango na matundu ya vigingi vilivyoshikilia boriti, yaliyobaki wazi.

"Hapa palikuwa na mlango, Bi Enid. Upande mzima wa nyumba umevunjwa, naona kabla hujazaliwa."

"Baba yangu alikivunja chumba Letty alipokufa," bibi akasema, wala hakuwa na huzuni. "Ila Letty mwenyewe hakuambiwa."

"Ziba," Enid akamwambia fundi.

Alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya mkali. Mama akipita pale ataanguka bustanini. Pask akasuka fito mpya, akakandika udongo na majani makavu, akaenda zake bila kungoja hata chai.

Enid alimwacha mama kitini, akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akashuka kuchemsha maji. Aliporudi na sinia, kiti kilikuwa kitupu. Dirisha lilikuwa limekomewa kwa ndani. Chini, hapakuwa na kabichi hata moja iliyokanyagwa.

Ukuta ulikuwa mzima, laini, bado mbichi. Katikati ya udongo ilichomoza ncha ya shali.

Aliishika kwa mikono miwili, akavuta. Haikuja. Alilia, akimwita mama yake kama alivyomwita utotoni. Kisha shali ikavutwa kutoka upande wa pili, taratibu, mara mbili, vile mama alivyokuwa akivuta aproni yake kutoka mikononi mwa Enid alipokuwa mdogo, aachiwe akaendelee na kazi.

Nyuma ya ukuta mtoto alikohoa. Enid akaiachia shali.