Mikono Hufuata Wimbo

Vidole vya Tabea vilidonoa buni mezani kama kuku mwenye njaa. Nzuri alizisukuma kulia, nyeusi na zilizovunjika akazitupa kikapuni. Pembeni yake Susana, mama mkwe wake, alishika punje moja, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga. Nje mvua ya mlima Meru ilikuwa inateremka kuelekea mto Themi, na banda zima la kuchambulia kahawa lilinuka magunia mabichi.

"Mama, usiitazame hivyo. Hukuja kuiposa," Tabea alinong'ona.

Susana akacheka. "Macho ndiyo yanayoposa, mwanangu. Mikono haina habari."

Lakini kicheko kilikuwa chepesi kuliko mambo yenyewe. Asubuhi nyapara Philemoni alikuwa ametangaza, fimbo kwapani: asiyejaza madebe ya kipimo kipya leo, kesho asije. Susana hakuwahi kuyajaza hata ya kipimo cha zamani bila Tabea kumwongezea kwa siri.

Na kipimo hicho Tabea alijua kilikotoka. Kilitoka kooni mwake.

Mwezi uliopita alikuja Misi Holt, Mwingereza aliyesomea tabia na akili za watu. Aliketi juu ya gunia, saa mkononi. Aliwasalimu wanawake kwa majina, akauliza watoto wameamkaje, na akasubiri jibu, jambo ambalo hakuna mkubwa aliyewahi kulifanya pale bandani. Kisha akamwomba Tabea aanzishe nyimbo: leo wa mavuno, kesho wakae kimya, keshokutwa mwingine. Mwishowe akamwita.

"Jana nani aliwaambia mwende haraka?"

"Hakuna, Misi."

"Mlikwenda haraka. Hata waliosema wamechoka. Mikono yenu haifuati fimbo, Tabea. Inafuata wimbo, na inafuata jirani."

Siku ile Tabea alirudi nyumbani Kimandolu mwili ukimsisimka. Tangu utoto aliimba, kanisani, migombani, mtoni, asijue kwamba ameshika kamba iliyofungwa kwenye mikono ya watu. Njiani aliwaona wanaume wamebeba gogo, hatua zao zimekuwa hatua moja na hakuna aliyewaamuru. Jumapili mzee mmoja alikohoa, kanisa zima likakohoa. Dunia ilikuwa ile ile, ila sasa mtu amewasha taa ndani yake.

Meneja naye aliisoma taarifa ya Misi Holt. Akachagua siku yenye kasi kuliko zote, akaamuru iwe kipimo cha kila siku.

"Mimi niliandika nilichokiona tu," Misi Holt alimwambia Tabea alipokuja kuaga, uso umemwiva.

"Naye meneja akaona kahawa, Misi."

Sasa Philemoni aligonga meza kwa fimbo mbele ya Tabea. "Mama Bariki, anzisha. Ule wa mavuno. Meneja anautaka."

Tabea aliitazama mikono ya Susana. Punje, mwanga, punje. Akavuta pumzi, akaanzisha wimbo wa kuzikia.

"Huo ni wa msiba," Philemoni alisema.

"Ndiyo. Wewe ni mzee wa kanisa, baba. Niukatize?"

Philemoni alishusha fimbo. Wanawake wakaupokea, mstari kwa mstari, mzito kama udongo wa kaburi. Nanyori, binti mwenye vidole vyepesi kuliko wote, alikuwa karibu kujaza debe lake. Akamtazama Susana, akapunguza mwendo. Jirani yake akapunguza. Meza nzima ikatulia katika kasi moja, kasi ya mikono ya bibi asiyeona vizuri. Nywele zilimsimama Tabea. Hakuwa amewaambia neno.

Philemoni alizunguka meza akimtafuta mzembe. Akarudi, akazunguka tena.

"Nani anachelewesha?"

"Tumeenda sawa, baba," Nanyori alijibu. "Ukifukuza, fukuza meza."

Magunia yalikuwa yanangoja gari moshi la Tanga, na bila meza ile yasingejaa. Philemoni alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Basi leo hakuna anayeandikiwa siku wala kulipwa," alisema. "Hata mmoja."

Wote walilisikia, na wote walikuwa na vyungu vinavyongoja nyumbani. Sauti moja ilitetemeka mwisho wa meza. Tabea alihofia kamba imekatika. Kisha ubeti wa pili ukaanza, na si Tabea aliyeuanzisha. Ulikuwa mdomoni mwa Susana.

Philemoni aliwageuzia mgongo, akasimama mlangoni akitazama mvua.

"Mwanangu," Susana alinong'ona kati ya mistari, "hebu tazama fimbo yake."

Ncha ya fimbo ilikuwa inagonga sakafu, taratibu, pamoja nao.