Tendo la Tatu

Siku tuliyomzika Mama, Baba alivua koti la suti, akakunja mikono ya shati na kuwanyang'anya vijana koleo. Alisema saruji yao ilikuwa na maji mengi. Watu wa jumuiya yetu ya Migwani walikuwa bado wanaimba, na yeye alikuwa anahesabu karai: moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Padre alisubiri na kitabu mkononi. Nani angemkataza? Baba ni injinia, na vivuko vingi vinavyokatiza mito ya mchanga kati ya hapa na Makueni amevisimamia yeye.

Kaburi lilipofunikwa, saruji ikiwa mbichi, alichukua msumari akaandika tarehe pembeni. Aunti Mumbua, dada ya Mama, akanivuta kando.

"Ndinda, si mama yako alikufa tarehe tatu? Mbona babako ameandika kumi na moja Julai?"

Nilijua kwa nini. Injinia huandika siku saruji ilipomwagwa, ndipo ahesabu siku ishirini na nane za kuilowesha maji mpaka ikomae. Mkono wa Baba ulikuwa umeandika kwa mazoea, kama unavyoandika kazini. Sikuwa na nguvu za kueleza. Nikamwambia Aunti ni makosa ya msumari, akaniangalia kama mgonjwa. Labda nilikuwa mgonjwa. Jeneza la mama yangu lilikuwa limeshuka mbele ya macho yangu, na mimi nikawa nawaza kama chai ingewatosha wageni.

Tangu siku hiyo Baba alibeba mtungi wa lita ishirini, asubuhi na jioni, hadi nyuma ya mbaazi tulikomzika Mama, akalowesha magunia aliyoyatandaza juu ya slabu. Ilikuwa kiangazi. Maji yetu huja kwa punda, na punda ana siku zake.

"Sukuma wiki zinakauka, na huyu anamwagilia simiti," Aunti alisema, tena kwa sauti ya kusikika. Aunti ameokoka, na mambo yetu ya Kikatoliki huyavumilia kama anavyomvumilia mbwa wetu.

Kazini Matiliku walipiga simu. Kivuko chao kilikuwa nusu, na mvua ya Novemba haingoji mtu. Baba aliwaambia watamwona baada ya siku ishirini na nane, akakata. Hakulia. Hakulitaja jina la Mama hata mara moja. Alikula alichowekewa, akalala, akaamka, akachukua mtungi. Nikaanza kuiogopa siku ya ishirini na tisa, na hofu hiyo ndiyo kitu pekee nilichokihisi mwezi ule. Kazi ya maji ikiisha, ni nini kingemtoa babangu kitandani?

Kwetu rozari ni saa moja jioni, kabla ya chakula, na katika matendo yake matano, kila moja Salamu Maria kumi, kila mtu ana lake la kuongoza. Baba la kwanza, ndugu yangu Kiilu la pili, Mama la tatu, mimi la nne, Baba tena la tano. Imekuwa hivyo tangu Kiilu ajue kuhesabu. Jioni ya kwanza baada ya mazishi, Kiilu alimaliza la pili tukakitazama kiti cha Mama. Baba akakohoa.

"La nne, Ndinda."

Nikaanza la nne. Mtu asiyekubali kuruka hata nondo moja alikuwa ameruka tendo zima, na sisi tukamfuata kama mbuzi, jioni baada ya jioni.

Siku ya kumi na tisa mtungi wake ulipasuka, nikamfuata na mwingine. Nilimkuta amepiga magoti kando ya magunia, rozari mkononi, kimya. Nikasimama kwenye mbaazi. Alikaa kimya kwa muda unaotosha kusema nusu ya Salamu Maria. Kisha akasema, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina." Akasogeza punje moja. Akanyamaza tena.

Ilinichukua punje tatu kuelewa. Nusu ya kwanza husemwa na anayeongoza, wengine huitikia. Alikuwa anamwachia Mama sehemu yake, halafu anamwitikia.

Niliweka mtungi chini, nikarudi nyumbani, nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Siku ya ishirini na nane ilikuwa Ijumaa. Baba alikunja magunia moja moja, akagonga slabu kwa nyundo ndogo huku ameinamisha sikio.

"Imeshika," akaniambia.

Basi. Akaketi barazani na viatu vya kazini miguuni. Chai ya saa nne ikapoa. Ya saa kumi pia.

Saa moja tukapiga magoti. Kiilu alimaliza la pili. Baba akakohoa.

"La nne, Ndinda."

"La tatu," nikasema. "Yesu anatiwa miiba kichwani."

Kiilu alinitazama kana kwamba nimetukana. Nikasema nusu yangu, akaitikia peke yake. Baba alikuwa anatazama kiti cha Mama. Salamu ya pili, ya tatu, ya nne. Nilikasirika, na nilishangaa kuona nimekasirika. Nikapandisha sauti. Ya saba, bado Kiilu peke yake.

Ya nane, sauti ya Baba ikatoka. "Maria Mtakatifu, Mama wa..." Ikaishia hapo. Akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti mbele yetu, akilitaja jina la Mama, "Kavindu, Kavindu," na Kiilu akamkumbatia. Mimi sikuinuka. Nilikuwa nimeishika punje ya nane na niliogopa kuipoteza.

Alipotulia alijifuta kwa mkono wa shati. Nikafungua mdomo ili niendelee na ya tisa.

"Hapana," akasema. "Rudi ya kwanza. Hizo saba sikuitikia."

Nikarudisha vidole kwenye punje ya kwanza.