Mfute, Kifute

"Nimempeleka kwa mama yake mdogo," Scola alisema, akaigeuza laptopu ili mwalimu wao, Sista Bertila, aone.

Sista alishusha miwani kutoka kwenye kitambaa cha kichwa, akatazama. Ilikuwa tovuti ya mazoezi, ya mtu anayeuza viazi. Kitufe kilichoandikwa *Nunua* kilikuwa kimening'inia chini ya kisanduku cha *Wasiliana Nasi*, mahali kisipohusika kabisa. Sista akakibonyeza. Badala ya kuuziwa gunia, akaambiwa kwamba ujumbe wake umepokelewa na atajibiwa.

"Ujumbe gani tena?" Sista akauliza. "Mimi nimeomba viazi."

Obed, aliyekaa upande wa pili wa meza, akacheka hadi akajifunika uso kwa kofia yake ya sufu. Nje, upepo wa Makambako ulikuwa unalitikisa bati la darasa kama mtu anayetafuta mlango.

Kwenye benchi la nyuma Fidelia hakucheka. Alikuwa amebana midomo. Ukurasa waliokuwa wakiufuata wale wanafunzi aliuandika yeye, neno kwa neno, na hakuelewa mama mdogo ameingiaje humo.

Fidelia alikuwa ametoka Njombe asubuhi hiyo. Siku za kazi huchapa barua na kutoa nakala katika steshenari moja ya mtaa wa Ramadhani. Muda unaobaki huandika mwongozo wa Kiswahili wa kiunzi cha kujengea tovuti. Kiunzi chenyewe ni kama miti na fito za nyumba: mjenzi anavikuta vimesimama, yeye anakandika na kuezeka. Mwongozo wa Kiingereza ulikuwepo tangu zamani. Wa Kiswahili ulianza naye, binti wa diploma ambaye akikuta sentensi ya Kiswahili imechomekwa neno la Kiingereza pasipo sababu, huumwa kichwa kweli.

Sasa mwongozo huo ulikuwa umewekwa kwenye mizani. Kornelio, msimamizi wa wafasiri, alimpigia kutoka Dodoma akamweleza bila kuzunguka. Wenye kiunzi wanakutana mchana. Wanafunzi wa Makambako wakilimaliza zoezi kwa kusoma peke yao, mwongozo wa Kiswahili unabaki. Wakikwama, unaondolewa, na kila msomaji anarudishwa kwenye Kiingereza. Tena kulikuwa na sharti: mwandishi akae nyuma asiseme neno. Akiona kosa, aurekebishe ukurasa wenyewe, maana msomaji wa Matamba au wa Kigoma hatakuwa na mwandishi mgongoni wa kumwuliza.

Kwa hiyo Fidelia akafungua laptopu yake, akausoma upya ukurasa wake kwa macho ya mtu mwingine.

*Kila kipande cha tovuti kina mzazi. Kitufe ni mtoto wa kisanduku. Ukimwondoa mzazi, mtoto hubaki yatima. Mshughulikie yatima kabla ya kuendelea.*

Kiswahili safi. Kosa hakuliona.

"Lakini imeandikwa nimshughulikie," Scola alikuwa anajitetea kwa Sista. "Mzazi wake, kile kisanduku, nimemwondoa kama nilivyoambiwa. Amebaki. Sasa mtoto akibaki si anakwenda kwa mama mdogo? Kisanduku cha jirani ni ndugu wa mzazi wake, wamezaliwa ukurasa mmoja."

"Umembebesha mama mdogo mzigo hata hodi hujapiga," Obed akamchokoza. "Mimi nimemjengea kituo."

Na kweli alikuwa amejenga. Kwenye tovuti ya Obed kulikuwa na kisanduku kipya, kikubwa, kimepewa jina *Kituo*, na ndani yake vilipangwa vitufe vyote vilivyokosa wazazi, safi, kwa mstari, na hakuna hata kimoja kilichofanya kazi.

Sista Bertila akawatazama wote wawili, kisha akageuka kumtazama Fidelia, akiwa na sura ya mtu aliyeshikishwa mtoto asiyemjua. Fidelia akainamisha kichwa. Sharti ni sharti.

Simu yake ikatetemeka, akatoka nayo barazani. Kornelio alitaka kujua wamefika wapi. Alipoelezwa akauliza kwa nini hakuandika wafute. Mwongozo wa Kiingereza unasema wazi: hao yatima hufutwa, wasijaze kumbukumbu ya kompyuta bure.

Fidelia akajibu kwamba aliandika. Alikumbuka vizuri. Aliandika *mfute yatima*, akaisoma, akaifuta sentensi yake mwenyewe. Kwao Matamba alikulia kwenye nyumba iliyojaa watoto waliofika mmoja mmoja, kila mmoja na kifurushi chake cha nguo, na mama yake hakuwahi kuliruhusu neno yatima lipite mlangoni. Waliitwa wenzenu. Wenzenu wamekula? Ndipo akatafuta neno laini zaidi, akapata *mshughulikie*, akaridhika.

"Basi liache neno la Kiingereza lilivyo," Kornelio akasema. "Andika ofani. Halimgusi mtu."

"Ofani ni nini, kaka Kornelio? Ukimtajia mtu wa Ipelele, atadhani ni dawa ya ukungu wa viazi, akuulize inachanganywa na maji kiasi gani."

"Fidelia, wanakaribia kuingia kwenye kikao."

"Najua."

"Chagua neno."

Alirudi kwenye benchi akiwa hajachagua. Akajaribu *mkiwa*, likawa zito kuliko la kwanza. Akajaribu *aliyeachwa*, akaona anazidi kuharibu. Kila neno alilolishika lilikuwa na mtu ndani yake, na hakujua amtoeje mtu huyo bila kumuumiza. Alianza kushuku kwamba hata ukurasa wenyewe haujui unazungumzia nini.

Mbele, Scola alikuwa ameinua mkono. Sista akamkumbusha kwamba haruhusiwi kuuliza, lakini binti alikwishageuka, akimtazama Fidelia moja kwa moja.

"Dada, samahani. Kwa hiyo nimfute?"

Hilo *m* ndilo lililomshika Fidelia. *Ni-m-fute.* Yeye ndiye aliyelitia humo. Alipokiita kitufe mtoto, kitufe kikasimama, kikapanda kutoka kwenye safu ya viti na vikombe na vijiko, kikaingia kwenye safu ya watu. Baada ya hapo sarufi yenyewe ikamdai ubinadamu: *abaki, mshughulikie, mfute.* Nani amfute?

Akainamia laptopu, akamjibu Scola kwa njia pekee aliyoruhusiwa. Akang'oa mzazi. Akang'oa mtoto. Akaandika:

*Kitufe hukaa ndani ya kisanduku. Ukiondoa kisanduku, kitufe hubaki bila kazi. Kifute, kisha endelea.*

Akahifadhi. Akazungusha kidole kumwashiria Sista kwamba waufungue ukurasa upya.

Obed alimaliza haraka. *Kituo* kikabomolewa pamoja na vitufe vyake. Scola alisoma polepole, midomo ikicheza. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Kumbe ni kitu," akasema, kwa sauti ya chini.

Akakifuta. Zoezi likakubali. Sista Bertila akapiga makofi mawili madogo, akatoka kwenda kuwaambia jikoni walete chai. Muda si mrefu simu ya Fidelia ikawaka: Kornelio ameandika kwamba kikao kimepokea matokeo, mwongozo wa Kiswahili unabaki. Fidelia akausoma ujumbe huo mara kadhaa, akingoja furaha ifike. Akafunga laptopu, akapita mbele kuwashukuru wanafunzi.

Scola hakuwa amesimama. Alikuwa anatazama mahali kitufe kilipokuwa. Hapakuwa na pengo. Mara tu kilipoondoka, vipande vya chini vilipanda juu vyenyewe, vikabanana, vikaziba, na ukurasa ukawa mzima kana kwamba hakikuwahi kuwepo kitu pale. Scola akakirudisha, vipande vikashuka, vikakipisha. Akakifuta, vikapanda. Akakirudisha tena, safari hii taratibu, uso ukiwa karibu na kioo, akitafuta mahali hasa panapoanza kuzibika.

Fidelia akavuta kiti, akakaa kando yake, naye akatazama.