Mistari ya Hubertine

Servais alipomletea dada yake Josine ile bunduki ya marisau, katikati ya majira ya baridi, alikuwa ameifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya marehemu baba yao, ya mitutu miwili, na kitako chake cha mbao ya mjozi alikichonga baba mwenyewe. Mistari myembamba inayokatana pale mkono unaposhika, ile inayoacha vijialmasi vya mbao ili kiganja kisiteleze, aliikata mama yao, Hubertine, kwenye meza ya jikoni. Enzi hizo nusu ya wanawake wa Cheratte, kijiji chao huko Ubelgiji, walikula kwa kazi hiyo. Sasa Josine alikuwa mmoja wa wachache waliobaki, na kazi zake nyingi zilitoka kwenye duka la bunduki la Servais, ng'ambo ya Mto Meuse.

"Dada, nataka kuitundika juu ya meko," Servais alisema. "Watoto wamjue bibi yao. Irudishe kama alivyoiacha mama."

Josine hakutaka hata kusikia habari ya malipo.

Vijialmasi vilikuwa vimelika, laini kama sabuni iliyotumika, na uchafu wa mikono ya wawindaji umegandia katikati. Fundi mwingine angepiga msasa akaanza upya. Josine alisafisha kwa mswaki na spiriti, akangoja mwanga wa dirishani uje kwa upande, ndipo mistari ya mama ikajitokeza. Akaifuata mmoja mmoja kwa kisumeno chembamba, anasukuma kidogo, anapuliza vumbi, anasukuma tena. Karibu na kifyatulio mistari ilipinda kidogo sana. Hubertine alitumia mkono wa kushoto, na hapo kiwiko chake kilikuwa kikigonga ukuta wa jikoni. Josine angeweza kuinyoosha. Akaiacha. Mara nyingine alijikuta akimpa mama habari za mtaa: nani kaolewa, nani kafa kwa kifua cha mgodini. Alipomaliza kusugua mafuta ya kitani, mbao ikaiva rangi, alikaa nayo mapajani mpaka kahawa ikapoa.

Servais alipokuja kuichukua, alimbusu mashavu yote mawili, macho yamemlowa.

Jumapili moja baada ya Pasaka Josine alioka keki ya wali, akavuka mto kwenda kuiona. Juu ya meko palikuwa na saa. Akamuuliza wifi yake, Fernande, bunduki iko wapi, na Fernande, mtu asiye na hila, akamwambia ilishachukuliwa na yule mnunuzi wa Cologne. Alidhani Josine anajua. Si mnunuzi huyo ndiye aliyesema, tangu majani yalipokuwa yanapukutika, kabla ya baridi, kwamba hailipii mpaka mistari irudi kama ya mwanzo?

Josine alikaa, keki bado mikononi. Kumbe siku ile ya blanketi bunduki ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe.

Servais aliingia kutoka bustanini, akauona uso wa dada yake, wala hakukana. Alieleza habari za paa la duka, na jinsi biashara ilivyolala.

"Ungeniambia," Josine alisema. "Ningekufanyia."

"Ungefanya, najua. Lakini ungeifanya kama kazi ya mteja." Aliongea taratibu, kama anayemsifu. "Mimi nilitaka ile ya kumfanyia mama. Hiyo huwezi kumwagiza mtu, dada."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkata Josine. Kwamba bunduki imeuzwa, hilo angelimeza. Duka ni duka na watoto lazima wale. Lakini huyu alikuwa amekaa na akili zake, akayapima mapenzi ya dada yake kwa mama yao, akaona yatamfaa.

Josine aliiacha keki mezani. Kesho yake alifunga vitako vyote vya bunduki za duka la Servais vilivyokuwa kwake, hata kile alichokifikisha nusu, akavibeba mwenyewe mpaka dukani na kuvipanga juu ya kaunta mbele ya wateja. Baadaye alipata kazi kwenye karakana moja ya bunduki huko Herstal, akinoa mistari iliyokwisha kukatwa na mashine, yote imenyooka, yote sawa. Ilikuwa kazi ya kuchosha roho, lakini hakuna aliyemdanganya inakwenda wapi.

Siku ya Watakatifu Wote alimkuta Servais makaburini, kwenye kaburi la mama yao, na maua yake. Servais alisogea kumpa nafasi. Josine alibaki langoni chini ya mwavuli, akangoja mpaka kaka yake alipoondoka, ndipo akaenda kwa mama.