Kiti cha Nje ya Dirisha

Musembi, fundi wa kuchomelea vyuma pale Machakos mjini, alikuwa ametafuta watu wa kuacha pombe nao kwa wiki tano nzima, na pombe yenyewe hakuwahi kuitafuta hata dakika tano.

Mkewe Peris alichukua watoto akarudi kwao Mutituni mvua za El Nino zilipokwisha. Hakugombana. Alisimama mlangoni, masufuria kichwani, akasema, "Kuacha kwa mdomo nimekusikia Krismasi tano, Baba Mutheu. Tafuta watu walioacha, ukae nao. Nikisikia umekaa nao, nitarudi. Nisiposikia, shamba la mama liko na mihogo ya kututosha."

Basi akaanza na kanisa. Mchungaji akamfurahia kupita kiasi. Alimsimamisha mbele ya waumini wote, akamwekea mikono mpaka shingo ikapinda, na kufikia jioni mtaa wake wote wa Mumbuni ulikuwa unamuuliza pepo lilitokea puani au masikioni. Lakini mtu wa kukaa naye Jumatatu, koo likiwa kavu kama mchanga wa mto, hakupewa. Jumatatu akalewa.

Akaenda kwa naibu wa chifu.

"Kikundi lazima kisajiliwe," naibu akasema, akichokonoa meno. "Leta mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na majina ya walevi kumi na nambari za vitambulisho."

"Lakini mzee, mimi niko peke yangu."

"Basi wewe si kikundi. Wewe ni mlevi tu. Mwingine aingie!"

Alitoka hapo akitamani kuchomelea ule mlango wa ofisi, naibu akiwa ndani.

Wiki ya tano alijiunguza mkono kazini kwa kutetemeka. Mwongeli, muuguzi aliyemfunga kidonda, alimnusa, akamtazama, akainama sikioni. "Jumamosi saa nane. Stoo iliyo nyuma ya mashine ya kusaga. Na usimuulize mtu njia."

Walioacha pombe walikuwa wamechagua hapo kwa akili: mashine ile ikinguruma, hata ukikiri umeuza paa la nyumba, hakuna wa nje atakayesikia.

Jumamosi Musembi akanyoa ndevu, akavaa shati la harusi, akafungua mlango wa stoo. Watu sita walikuwa wamekalia magunia. Kwenye gunia la tatu alikuwa Nzembi, mamake Peris, ambaye Mutituni yote ilijua kwamba Jumamosi huja mjini kuuza mayai.

Aiyaa! Mama akajifunika leso usoni na kugeukia ukuta. Musembi akarudi kinyumenyume mpaka akagonga ndoo. Kwa Wakamba mwanamume na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Ndiyo heshima yenyewe, nthoni. Sasa mle stoo kichaka kiko wapi?

Mwalimu Mwangangi, mstaafu aliyeongoza kikao, akashika kichwa. "Mmoja wenu hawezi kuja siku nyingine?"

"Kuna siku nyingine?" Musembi akauliza akiwa nje.

"Hakuna. Siku zingine humu ni mahindi."

Nzembi akauambia ukuta, "Mwalimu, mwambie huyo mtu mimi niko na miezi saba bila tone. Siondoki."

"Anasema haondoki," Mwalimu akasema.

"Nimesikia! Mwambie mama hata mimi siondoki. Nimezunguka wiki tano. Nimeombewa, nimefukuzwa, nimeungua. Ama basi, akifika nyumbani amwambie Peris nilikuja, nami nitaenda zangu."

Ukuta ukaambiwa, "Mwambie ya humu hayatoki. Hata nikiulizwa na binti yangu, mimi nilikuwa kwa mayai."

Musembi akacheka kicheko cha mtu anayetaka kulia. Dunia nzima kikundi ni kimoja, na ndani yake yuko mtu mmoja asiyeweza kukaa naye, na huyo ndiye shahidi pekee, na mdomo wake umefungwa! Miguu ikaanza kumwelekeza kwenye kilabu cha pombe cha Kaloki. Ilijua njia vizuri kuliko yeye.

"Ngoja," Mwalimu akasema. Akatoa kiti kupitia mlangoni, akakiweka nje chini ya dirisha. "Kaa hapo. Hamtaonana. Zamu yako ikifika, useme."

Musembi akakaa, jua likimpiga utosini. Zamu yake ilipofika akasema jina lake. "Hatusikii!" wakaita wa ndani. Akarudia. "Mashine! Paza sauti!"

Akageuka. Foleni ya wanawake wenye madebe ya mahindi ya kusagwa ilikuwa imemkodolea macho, na wawili kati yao, Kamanthe na jirani yake, walikuwa wa Mutituni. Kamanthe huyo, ukimpa habari saa nane, saa kumi imeshafika mtoni na kurudi.

Musembi akatazama dirisha, akatazama foleni. Akasimama juu ya kiti.

"Naitwa Musembi! Mume wa Peris binti Nzembi! Mimi ni mlevi, na nimekuja kukaa na walioacha! Na Jumamosi ijayo nitakuja tena!"

"Ati nini?" Kamanthe akaita, akitua debe lake chini. "Hiyo ya mwisho sijashika vizuri."

Akairudia, polepole.